Kitu kinachojaza pengo la mfupa ni nini?

Tunapotembelea wagonjwa hospitalini tunakutana na swali hili. Risasi au ajali ya pikipiki imeondoa kipande cha mfupa wa mguu, na daktari anasema ataweka kitu cha kujaza pengo. Jamaa wanaogopa: je, ni mfupa wa marehemu? Wengine wanataka kumrudisha mgonjwa nyumbani. Ndiyo maana tunaandika.

Karibu theluthi mbili ya uzito wa mfupa ni madini, hasa kalsiamu na fosfati. Mfupa uliovunjika hujiunga wenyewe, lakini pengo likiwa kubwa hauwezi kulivuka. Mara nyingi daktari huchukua mfupa kutoka nyonga ya mgonjwa mwenyewe. Njia hiyo ni nzuri hata leo, ila inaleta kidonda cha pili, na mfupa huo hautoshi kila mara. Pengine hutumiwa mfupa uliotolewa na mtu mwingine. Njia ya tatu ni madini yaliyotengenezwa na watu.

Mwaka 1967 huko Marekani, mwalimu wa chuo kikuu Larry Hench alikuwa safarini ndani ya basi pamoja na afisa wa jeshi aliyetoka vita vya Vietnam. Afisa alisikitika kwamba askari wengi wanakatwa miguu, akamwuliza kama anaweza kutengeneza kitu ambacho mwili hautakikataa. Mwaka 1969 Hench alitengeneza kioo cha silika, sodiamu, kalsiamu na fosforasi. Kilipowekwa katika mifupa ya panya, kilishikamana nayo hata hakikuweza kutolewa.

Leo hutumiwa pia punje za fosfati ya kalsiamu zenye vitundu vidogo. Zinafanya kazi kama fito tunazosimika shambani ili maharagwe yapande: mishipa midogo ya damu inaingia katika vitundu, kisha chembe hai za mgonjwa zinajenga mfupa mpya. Aina nyingine huyeyuka polepole na kuuachia mfupa nafasi. Nyingine hubaki miaka mingi.

Lakini fito si maharagwe. Punje hizo peke yake hazibebi uzito wa mtu, kwa hiyo mara nyingi daktari huweka pia chuma. Kukiwa na usaha, lazima usafishwe kwanza. Na kupona huchukua miezi.

Basi, kabla ya kumwondoa mgonjwa kitandani, tumwulize daktari: kitu hiki kimetoka wapi? Kwa nini umekichagua? Gharama yake ni kiasi gani? Kuuliza si kukosa adabu, wala kukubali matibabu si kukosa imani. Daktari anajaza pengo. Uhai unaokuza mfupa, Mungu ameuweka ndani ya mgonjwa mwenyewe.