Takwimu za msingi za Pokémon

Takwimu za msingi za Pokémon ni namba sita zinazoonyesha nguvu ya asili ya kila spishi ya kiumbe katika michezo ya video ya Pokémon. Namba hizo ni za uhai, shambulio, ulinzi, shambulio maalumu, ulinzi maalumu na kasi. Wachezaji huzichambua ili kujua kiumbe anafaa kazi gani katika timu. Viumbe wawili wa spishi moja wana takwimu za msingi zilezile, lakini takwimu zao halisi zinaweza kutofautiana sana.

Historia

Michezo ya kwanza, Red na Green, ilitolewa nchini Japani tarehe 27 Februari 1996 kwa ajili ya Game Boy. Ilitengenezwa na kampuni ya Game Freak, iliyoanzishwa na Satoshi Tajiri, na kutolewa na Nintendo. Wakati huo takwimu zilikuwa tano tu: namba moja iliyoitwa "maalumu" ilitumika kushambulia na kujilinda pia, hivyo kiumbe mwenye namba hiyo kubwa alikuwa hodari pande zote mbili. Katika Gold na Silver (1999) namba hiyo iligawanywa kuwa shambulio maalumu na ulinzi maalumu.

Ruby na Sapphire (2002) zilileta kanuni ya hesabu ambayo imeendelea kutumika katika michezo mikuu mingi iliyofuata. Namba za spishi zenyewe hubadilishwa mara chache. Kwa mfano, katika X na Y (2013) ulinzi wa msingi wa Pikachu ulipandishwa kutoka 30 hadi 40.

Kanuni ya hesabu

Takwimu halisi hutokana na mambo matano:
- takwimu ya msingi ya spishi;
- thamani ya kuzaliwa, kuanzia 0 hadi 31;
- alama za mazoezi zinazopatikana kwa kupigana, zisizozidi 510 kwa takwimu zote pamoja; 252 zinatosha kufikia kilele cha takwimu moja;
- ngazi ya kiumbe, kuanzia 1 hadi 100;
- tabia yake. Kati ya tabia 25, 20 huongeza takwimu moja kwa asilimia 10 na kupunguza nyingine kwa asilimia 10. Tabia 5 zilizobaki hazibadilishi kitu.

Ili kupata kasi, kwa mfano, zidisha namba ya msingi kwa 2, ongeza thamani ya kuzaliwa, kisha ongeza robo ya alama za mazoezi. Zidisha jibu kwa ngazi, gawanya kwa 100, na uongeze 5. Mwisho hesabu tabia. Desimali huachwa. Kwa uhai, badala ya 5 huongezwa ngazi pamoja na 10, na tabia haihusiki.

Mfano wa Relicanth

Relicanth ni kiumbe wa aina ya maji na mwamba aliyeanza kuonekana katika Ruby na Sapphire. Umbo lake limetokana na silikanti, samaki wa kale aliyedhaniwa kutoweka pamoja na dinosauri hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Nchini Tanzania silikanti wengi wamenaswa katika pwani ya Tanga tangu mwaka 2003, na hifadhi ya bahari ilianzishwa huko mwaka 2009 kwa ajili yake.

Takwimu za msingi za Relicanth ni uhai 100, shambulio 90, ulinzi 130, shambulio maalumu 45, ulinzi maalumu 65 na kasi 55. Jumla ni 485. Akiwa ngazi ya 50, na thamani za kuzaliwa 31, bila mazoezi na kwa tabia isiyobadilisha kitu, ulinzi wake halisi ni 150 lakini ulinzi maalumu ni 85 tu. Kwa hiyo pigo maalumu humuumiza karibu mara 1.8 ya pigo la kawaida lenye nguvu sawa. Likiwa la aina ya majani, madhara yake huzidishwa tena kwa 4, kwa sababu maji na mwamba zote ni dhaifu mbele ya majani.

Kasi yake katika hali hiyo ni 75, wakati Gengar, mwenye kasi ya msingi 110, ana 130. Hata hivyo, Relicanth anaweza kuwa na uwezo uitwao Swift Swim, unaozidisha kasi mara mbili mvua inaponyesha. Hapo hufikia 150 na kumtangulia Gengar.

Mipaka ya jumla

Kulinganisha viumbe kwa jumla ya takwimu peke yake hupotosha. Slaking ana jumla ya 670, lakini uwezo wake humlazimu kupumzika kila baada ya zamu moja. Shuckle ana jumla ya 505, ambapo 460 ni za ulinzi na ulinzi maalumu. Shambulio lake ni 10 na kasi 5. Kwa sababu hiyo, uchambuzi kamili huangalia mgawanyo wa namba, aina ya kiumbe, uwezo wake na mapigo anayoweza kujifunza.