Nani Kamfukuza Machinga?

Umesoma kitabu cha sosholojia mara tatu na hujaambulia kitu? Usikimbilie kujiona kilaza. Mwaka 1959 mwanasosholojia wa Marekani, C. Wright Mills, alisema kurasa 555 za The Social System, kitabu cha Talcott Parsons, zingeandikwa kwa Kiingereza cha kawaida zingebaki kama 150 tu.

Istilahi zenyewe hazina ubaya sana. Ukisema "tabaka" umeokoa aya nzima. Kinachochosha ni vitenzi kugeuzwa nomino. Michael Billig aliliandikia kitabu jambo hili mwaka 2013: nomino zikirundikana, watu wanapotea. Chukua "Mgambo waliwafukuza machinga." Kwenye tasnifu inakuwa "utekelezaji wa uondoshwaji wa sekta isiyo rasmi." Kisomi kweli! Ila nani kamfukuza nani? Mgambo hayumo, machinga hayumo, aliyetoa amri ndo kabisa.

Nasi tunadesa mtindo huohuo, maana tunamwandikia msimamizi, siyo machinga. Tena una raha yake: ukiandika "mgambo waliwafukuza", utadaiwa ushahidi, wangapi, lini, kwa amri ya nani. Ukiandika "uondoshwaji", hakuna anayekuuliza.