Singo na Albamu: Muziki wa Rejareja na Muziki wa Jumla

Utangulizi

Mwaka jana mwanafunzi wetu mmoja wa mwaka wa tatu alituletea pendekezo la utafiti. Alitaka kuchunguza tamathali za semi katika nyimbo za msanii mmoja kijana wa Bongo Fleva. Pendekezo lilikuwa zuri na Kiswahili chake kilikuwa safi, jambo ambalo hapa kwetu Kampala hatulipati kila siku. Hata hivyo tulilirudisha. Mwongozo wetu unamtaka anayetafiti nyimbo achague "albamu moja au zaidi", na msanii huyo hakuwa na albamu hata moja. Alikuwa na nyimbo 19, zote zimetoka moja moja kwa muda wa miaka minne. Mwanafunzi akatuuliza kwa adabu: "Walimu wangu, kama wasanii hawatoi albamu, sisi tutafiti nini?"

Swali hilo lilitukaa kooni. Makala haya ni jaribio la kulijibu. Tutaeleza singo na albamu zilitoka wapi, kwa nini singo inapendwa zaidi, albamu inatoa nini ambacho singo haitoi, na hayo yote yanamhusu vipi mwalimu na mwanafunzi wa Kiswahili.

Maneno yenyewe

Tuanze na istilahi, kama ilivyo desturi yetu. Neno albamu limetoka katika Kiingereza, na maana yake ya kwanza ni kitabu cha kuhifadhia picha. Liliingia katika muziki kwa sababu ya kawaida kabisa. Sahani za santuri za zamani zilibeba wimbo mmoja kila upande. Aliyetaka kuuza kazi ndefu alilazimika kuzitia sahani kadhaa katika mifuko ya karatasi iliyojalidiwa pamoja, mfano wa albamu ya picha. Sahani zikabadilika, jina likabaki.

Singo ni neno la wanahabari wa burudani na mashabiki wa muziki, hasa Tanzania, nalo limetoholewa kutoka Kiingereza. Wenye lugha ya mitaani husema ngoma, au kibao wimbo unapovuma. Tungependa kuwa na neno la Kibantu kwa dhana hii, lakini lugha ni ya wasemaji, na wasemaji wameshaamua.

Chombo ndicho kilichoamua urefu

Watu wengi hudhani kwamba singo ni uzushi wa vijana wa intaneti. Sivyo. Singo ndiyo mkubwa na albamu ndiyo mdogo wake. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za taarabu kwa Kiswahili, sahani za wakati huo ziliweza kubeba dakika tatu hivi kila upande. Wimbo ambao Unguja ungeimbwa mpaka wasikilizaji waridhike, mbele ya mashine ulilazimika kukatwa. Mwaka 1952 Hugh Tracey alipomrekodi Jean Bosco Mwenda huko Katanga akipiga gitaa na kuimba "Masanga", mpaka ulikuwa ule ule.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1948. Kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa sahani ya mzunguko wa polepole, iliyoweza kubeba dakika zaidi ya ishirini kila upande. Hapo ndipo albamu tunayoijua ilipozaliwa. Mwaka uliofuata kampuni ya RCA Victor ikatoa sahani ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, yenye wimbo mmoja kila upande. Tangu mwaka 1949, basi, ndugu hawa wawili wamekuwa wakigombania mfuko wa msikilizaji.

Afrika Mashariki ilichagua sahani ndogo. Nairobi ilikuwa na studio na viwanda, na sahani za 45 zilikuwa nafuu kuliko zile kubwa. Bendi za Kikongo na za Kitanzania zilizofanya kazi Nairobi katika miaka ya 1970 zilikuwa na nyimbo ndefu, kwa hiyo wimbo mmoja uligawanywa pande mbili: sehemu ya kwanza ilibeba maneno, sehemu ya pili ilibeba magitaa na kucheza. Aliyekuwa na haraka ya kucheza aliweka upande wa pili moja kwa moja. Aliyetaka ujumbe alivumilia upande wa kwanza. Huko Tanzania bendi nyingi zilirekodi katika Redio Tanzania Dar es Salaam ili nyimbo zao zirushwe hewani. Msikilizaji wa redio huupokea wimbo mmoja mmoja, na huo nao ni muziki wa rejareja.

Enzi ya kanda

Kaseti, iliyoletwa na kampuni ya Philips mwaka 1963, ilitawala kwetu katika miaka ya 1980 na 1990. Nayo iligeuza biashara yote. Kaseti haikufaa kubeba wimbo mmoja, kwani kutengeneza kanda ya wimbo mmoja na kanda ya nyimbo kumi kuligharimu karibu sawasawa. Kwa hiyo msanii akalazimika kuwa na nyimbo za kuijaza. Msambazaji alinunua kanda kuu nzima, akaidurufu, akaipeleka sokoni. Shabiki hakuwa na hiari: akipenda wimbo mmoja, alinunua yote.

Sisi tuliokuwa vijana wakati huo tunakumbuka vizuri. Unadunduliza fedha, unanunua kanda kwa ajili ya "wimbo uliobeba jina", kisha unagundua kwamba nyimbo nyingine sita ni za kujazia tu. Unairudisha nyuma kwa kalamu ya wino ili kuokoa betri, unausikiliza wimbo ule ule mpaka utepe unalegea. Lakini ukweli mwingine ni huu: kwa kuwa tulikwisha kulipa, tulizisikiliza na zile nyingine. Na mara kwa mara wimbo tuliouruka mwezi wa kwanza ndio tuliokuja kuupenda mwezi wa tatu. Kanda ilitufundisha subira bila sisi kujua.

Bongo Fleva ilikua katika mazingira hayo. Albamu kama "Machozi, Jasho na Damu" ya Professor Jay, ya mwaka 2001, zilisikilizwa kama kitabu. Mwanafunzi aliyeusikia "Ndio Mzee", wimbo wa kejeli juu ya mwanasiasa anayemwaga ahadi zisizotekelezeka, aliusikia miongoni mwa nyimbo nyingine za maisha ya mjini, na kila wimbo uliufasiri mwenzake.

Kwa nini singo inapendwa

Teknolojia ya dijiti ilivunja kifungo cha kanda. Kampuni ya Apple ilipofungua duka lake la iTunes mwezi Aprili 2003, kila wimbo uliuzwa peke yake kwa senti 99 za dola. Kwetu mambo yalikwenda kwa njia nyingine: vijana walirushiana nyimbo kwa simu, na vibanda vya mitaani vilijaza kadi za kumbukumbu kwa fedha kidogo. Leo nyimbo husikilizwa zaidi kupitia YouTube, Boomplay, na Spotify iliyofika Uganda, Kenya na Tanzania mwaka 2021. Katika njia zote hizo kipimo ni wimbo, si kanda.

Kwa msanii, faida za singo ni nne. Kwanza, gharama: wimbo mmoja na video moja ni mzigo unaobebeka, albamu ni mkopo. Pili, hadhari: wimbo ukianguka, umeanguka peke yake. Tatu, kukumbukwa: anayetoa wimbo kila baada ya miezi miwili hasahauliki, anayejifungia miaka miwili huambiwa amefulia. Nne, malipo yenyewe. Katika Spotify, wimbo huhesabiwa kuwa umesikilizwa baada ya sekunde 30. Ndiyo maana watunzi wengi hawaweki tena utangulizi mrefu wa ala. Kiitikio huja mapema, kama muuzaji anayekuita kabla hujapita.

Ushahidi wa nguvu ya singo ni Alikiba. Albamu yake ya kwanza, "Cinderella", ilitoka mwaka 2007, na ya pili mwaka 2009. Ya tatu, "Only One King", haikutoka mpaka mwaka 2021. Katika miaka hiyo kumi na miwili hakupotea kabisa. Nyimbo kama "Mwana" (2014) na "Aje" (2016) zilimweka katika kilele cha muziki wa Kiswahili. Alijenga jina kwa rejareja.

Kwa msikilizaji, singo ni uhuru. Hakuna anayelazimishwa kulipia nyimbo za kujazia. Na katika teksi ya kutoka Ntinda mpaka mjini, wimbo mmoja mzuri humtosha mtu.

Albamu inatoa nini: mfano wa diwani

Hapa tunaomba kuazima mfano kutoka nyumbani kwetu, yaani fasihi. Ushairi wa Kiswahili uliwahi kupita njia hii hii. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Tanganyika mwaka 1923, lilichapisha mashairi moja moja. Shairi la gazetini lilikuwa singo: lilisomwa mwezi huo, likajibiwa, likasahaulika. Diwani ndiyo albamu. Mashairi yanapokusanywa, msomaji huanza kuona mawazo ya mtunzi yakisafiri kutoka shairi hadi shairi.

Chukua "Sauti ya Dhiki" ya Abdilatif Abdalla, iliyochapishwa mwaka 1973. Mashairi yake yalitungwa gerezani nchini Kenya. Ndani yake mna shairi liitwalo "Mamba". Mpe mwanafunzi shairi hilo peke yake, naye atakueleza habari za mnyama wa mtoni mwenye kujivunia nguvu zake. Mpe diwani nzima, ajue mtunzi alikuwa wapi na kwa nini, na mara moja mamba atatoka mtoni na kuketi kitini. Shairi halikubadilika hata neno moja. Kilichobadilika ni majirani zake.

Hiyo ndiyo kazi ya albamu. Wimbo wa mapenzi ukifuatiwa na wimbo wa msiba una maana tofauti na wimbo huo huo ukifuatiwa na tangazo la sabuni. Singo inatwambia msanii anaweza nini. Albamu inatwambia anafikiri nini. Pengine ndiyo maana wasanii waliokwisha kushiba singo hurudi kwenye albamu: Diamond Platnumz na "A Boy from Tandale" (2018), Sauti Sol na "Midnight Train" (2020). Wengine huchukua njia ya katikati, ile albamu fupi iitwayo EP, kama alivyofanya Zuchu alipojitambulisha mwaka 2020.

Hasara nyingine ya singo ni uhifadhi. Kanda ina jalada, mwaka na majina ya watunzi. Wimbo wa mtandaoni huweza kuwekwa leo na kuondolewa kesho. Mwanafunzi wetu, kati ya nyimbo zake 19, alikuta mbili zimekwisha kuondolewa kabla hajamaliza kuzinukuu. Akazipata kwenye simu ya dereva wa bodaboda. Tulicheka aliposimulia, kisha tukanyamaza. Kama kumbukumbu ya fasihi ya Kiswahili ya miaka hii inategemea simu ya dereva mmoja, sisi walimu tunafanya kazi gani?

Hitimisho

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Singo ni haba, na hatuna sababu ya kuidharau. Siti mwenyewe alianza nayo. Lakini haba haijazi kibaba yenyewe. Lazima awepo mtu wa kukusanya.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo matatu kwa Idara. Kwanza, kifungu cha mwongozo kinachodai albamu kibadilishwe, kiseme "mkusanyo wa nyimbo zisizopungua kumi, zenye tarehe na maelezo ya chanzo". Pili, kila mwanafunzi anayetafiti nyimbo aache maktabani nakala za maneno aliyoyanukuu, ili anayemfuata asianze upya. Tatu, katika somo la fasihi simulizi tuwape wanafunzi zoezi hili: wachague singo sita za msanii mmoja, wazipange kama albamu, waipe jina, na waandike ukurasa mmoja wa kutetea mpangilio wao. Tumelijaribu muhula uliopita. Kikundi kimoja kilibishana saa nzima juu ya wimbo wa kufungia, na ubishi wote ulikuwa kwa Kiswahili, bila mwalimu kuwakumbusha.

Ama mwanafunzi tuliyemrudishia pendekezo, tulimwita tena. Tulimwomba radhi, akaendelea na utafiti wake na akaumaliza. Nyimbo zake 19 alizipanga kwa tarehe, akaziandikia utangulizi, na kurasa hizo sasa ziko katika maktaba ya Idara. Msanii bado hajatoa albamu. Mkusanyo wa kwanza wa nyimbo zake uko kwetu.