Sikio la Mchimbaji na Maumivu ya Uso

Mchimbaji mmoja kutoka maduara ya Geita aliketi mbele yangu akiwa amelikinga shavu la kushoto kwa kitambaa, asitake hata upepo wa pangaboi umguse. Meno matatu ya upande huo yalikwisha kung'olewa, na maumivu yamebaki palepale. Aliyafananisha na shoti ya umeme: hupiga kwa sekunde chache, huacha, kisha hurudi anapopiga mswaki, anapotafuna au anaponawa uso.

Hayo si maumivu ya jino. Ni ya neva ya tano ya kichwa, ipelekayo hisia za uso kwenye ubongo kwa matawi matatu: la paji, la shavu na la taya. Kwa wagonjwa wengi, ateri huigandamiza neva hiyo karibu na shina la ubongo, na mapigo yake huchakaza ganda linaloikinga. Tiba ya kwanza ni kabamazepini, ambayo wengi huijua kuwa dawa ya kifafa. Ni vema mgonjwa aelezwe hilo mapema, kwani akilisikia kwa jirani ataitupa. Dawa isipotosha, au ikimlevya mno, ndipo upasuaji huzungumzwa.

Katika upasuaji ulioenezwa na Peter Jannetta wa Marekani kuanzia miaka ya 1960, tundu dogo hufunguliwa katika fuvu nyuma ya sikio, ateri husogezwa, na kipande cha tefloni huwekwa kati yake na neva. Jambo ambalo wagonjwa hawalitarajii ni kwamba neva inayolindwa kwa mashine ni, hasa, ile ya kusikia. Iko jirani, ni laini, na serebela inaposogezwa ili mpasuaji apate nafasi, nayo huvutwa.

Mgonjwa akiwa katika usingizi wa dawa, spika ndogo iliyotiwa sikioni hutoa milio mifupi, mingi kwa kila sekunde. Elektrodi za kichwani hunasa mwitiko wa neva na shina la ubongo. Mwitiko huo ni hafifu mno, hata kompyuta hulazimika kukusanya majibu ya mamia ya milio na kutafuta wastani ndipo mawimbi yaonekane. Linalotazamwa zaidi ni wimbi la tano, ambalo kwa mtu mzima mwenye usikivu mzuri hutokea takriban milisekunde 6 baada ya mlio. Likichelewa kwa milisekunde 1 zaidi, au kimo chake kikipungua kwa nusu, mpasuaji huambiwa. Naye hulegeza kifaa kinachoshikilia ubongo na kusubiri. Pengine chanzo ni maji baridi tu ya kusafishia jeraha. Neva ya saba, iendeshayo misuli ya uso, nayo hufuatiliwa, na kwa ajili yake mtaalamu wa usingizi hujizuia kutumia dawa za kulegeza misuli.

Mashine hiyo, hata hivyo, haiwezi kulinda usikivu uliokwisha kupotea. Sikio lililoharibika sana halitoi wimbi la kufuatilia. Na huku kwetu, kuanzia Kahama hadi Geita, makarasha, uchorongaji na baruti vimeyachosha masikio mengi. Mgonjwa wangu hakutaja lolote. Mkewe ndiye aliyesema kwamba humsikia akiketi kushoto kwake tu. Kipimo kilionyesha kwamba sikio la kulia, lililokuwa karibu na mlipuko miaka ya nyuma, karibu limekufa. La kushoto, upande wa maumivu, ndilo alilobaki nalo; na ndani ya duara mtu huhitaji kusikia mwamba unapoanza kulia.

Tangu siku hiyo siandiki rufaa ya kwenda Bugando bila kipimo cha masikio yote mawili, na ningependa wenzangu wa Shinyanga na Geita nao wafanye hivyo.

Aliniuliza swali moja: wimbi likipotea, je, daktari anaweza kuacha? Nilimjibu kwamba anaweza kusimama, na mara nyingi hurudi. Lakini si kila mara. Aliomba mwezi mmoja wa kushauriana na mkewe. Tuliongeza dozi kidogo kidogo, tukapanga apimwe damu kuangalia kiwango cha sodiamu, akaondoka na kitambaa chake shavuni.