Nyumba ya mlimani: kuni kidogo, maji yenye kubaki

Ndugu wakulima, wamama na wababa wa koperative, mara hii tunaacha mbegu kidogo, tunazungumza nyumba. Wengi wanasema nyumba ni kazi ya fundi na shamba ni kazi ya agronome. Lakini hapa Luhwindja, kwenye milima mikali kama yetu, kazi hizo mbili zinakutana juu ya paa. Maji yenye kushuka kwenye manjanja yako yanaweza kujaza pipa, ama yanaweza kuchimba uwanja na kupeleka udongo wako mpaka mtoni.

Tufanye hesabu pamoja. Milimita 1 ya mvua juu ya meta mraba 1 ni lita 1 ya maji. Paa la meta 6 kwa 7 liko na meta mraba 42. Mvua nzuri ya mchana mmoja, tuseme milimita 20, inatoa lita 840. Toa sehemu moja kati ya tano kwa yale yenye kuruka na kumwagika, unabaki na lita 670 na zaidi. Hayo ni mapipa matatu ya lita 200, ama bido 33 ambazo mama na watoto hawatapanda nazo kutoka chemchemi. Kwa hiyo kabla ya kununua dirisha la vioo, nunua gutiere. Hata bambu iliyopasuliwa katikati inafanya kazi vizuri kwa misimu michache. Pipa ama tanki liweke kwenye udongo mgumu, si ule wa kujazia: lita 1.000 za maji ni kilo 1.000, na udongo wa kujazia unakaa chini pole pole.

Tanki likijaa, maji ya ziada yanaenda wapi? Hapo ndipo nyumba nyingi zinaharibikia. Usiyaache yashuke moja kwa moja. Yaongoze mpaka kwenye mtaro uliochimbwa kukata mteremko, wenye kufuata usawa wa kilima. Kupima usawa, funga fito tatu kama herufi A, tundika jiwe kwa kamba katikati: kamba ikianguka pa alama ya katikati, miguu yote miwili iko sawa. Juu ya ukingo panda setaria ama tripsacum, na kati yake kaliandra. Majani yanashika udongo, mbuzi wanakula, na matawi ya kaliandra yanakuwa kuni.

Onyo moja, na naomba mulichukue kwa uzito. Mtaro wa kunywesha udongo hauchimbwi juu ya nyumba, wala karibu na ukuta wa kilima uliokatwa ili kupata kiwanja. Udongo ukishiba maji hapo, unateremka na nyumba. Nyuma ya nyumba inafaa mfereji wa kutoa maji haraka pembeni, na nafasi ya meta mbili ama zaidi kati ya ukuta wako na kilima. Ukiona ufa mpya kwenye udongo juu ya nyumba wakati wa mvua, usilale humo usiku huo.

Sasa baridi. Wale waliohamia Cinjira kutoka Twangiza wanaujua upepo wa juu. Manjanja peke yake yanapoteza joto lote usiku. Nyumba za majani za wazee wetu wa Bushi zilikuwa na joto kuliko nyingi za leo, hiyo lazima tukubali. Dari ya mikeka ama ya matete chini ya manjanja inasaidia sana, ila isiwe juu ya moto. Ukuta wa matofali mabichi yenye upana unashika joto la mchana na kulirudisha usiku, na hautaki miti ya tanuru. Unataka tu msingi wa mawe na paa lenye kutoka nje vya kutosha, mvua isiupige. Madirisha makubwa yaangalie mashariki, jua la asubuhi liingie mapema.

Jikoni, kuna jambo ambalo wachache wanalifikiria. Kwenye meta 2.000 maji yanachemka karibu digrii 93, kumbe kule Uvira, kando ya ziwa, yanachemka karibu 97. Ndiyo sababu maharagi yetu yanakula kuni zaidi. Kuongeza moto hakuongezi joto la maji yenye kuchemka. Kunamaliza kuni tu. Loweka maharagi tangu jioni, mwaga maji yale, funika sufuria na weka jiwe juu ya kifuniko. Yachemke kwa nguvu nusu saa, kisha ingiza sufuria ya moto katika kikapu kilichojaa majani makavu ya ndizi, funika, enda shambani. Ukirudi, unaongeza moto kidogo tu. Kuni ziwe kavu: ubichi ukiwa ndani, moto unafanya kazi ya kukausha kuni kwanza. Jiko la udongo lenye kuzunguka sufuria linashinda mafiga matatu, na moshi unapunguka machoni.

Maji ya kuosha vyombo na ya kunawa yaende kwenye shimo lenye kujaa takataka za jikoni, migomba ipandwe kandokando. Lengalenga na kabichi karibu na mlango, udongo ukifunikwa na majani makavu, zinapita Juni na Julai na maji kidogo sana. Mikalitusi pelekeni mbali na bustani na chemchemi: inakunywa sana.

Gutiere ziwe tayari mbele ya Septemba. Mvua ya kwanza muiache ioshe paa, musiikinge. Tanki lifunikwe na kitambaa chenye matundu madogo, mbu wasizalie ndani, na maji ya kunywa yachemshwe.