Mchicha Huu Umeota Wapi?

Mtoto wa mjini huujua mchicha kwa fungu lililofungwa kamba pale Marikiti. Ukimwuliza mmea wenyewe una umbo gani, hunyamaza. Wiki hii twawaomba wazazi wawatoe watoto nje wakaitazame mimea, nasi tumechagua Kibarani, kando ya maji ya Makupa.

Kibarani palikuwa na jaa la taka za mji kwa miaka mingi, hadi lilipofungwa, likafukiwa udongo na kupandwa miti. Jaani mimea haikosi. Mchicha huota bila ya kupandwa, ukanawiri kuliko wa bustanini. Hapo ndipo mtoto afundishwe kuwa mzizi hunywa maji pamoja na vilivyoyeyuka ndani yake. Betri kuukuu na rangi zilizotupwa huacha madini ya risasi udongoni, na mchicha huweza kuyavuta hadi majanini. Kuosha huondoa vumbi, hakuondoi kilichomo ndani ya jani. Madhara huwafika zaidi wadogo, ambao ubongo wao ungali wakua. Basi mboga ya jaani haichumwi, hata ipendeze vipi. Wala si utovu wa adabu kumwuliza muuzaji, kwa upole, mboga zake zalimwa wapi.

Mbarika nao hupenda palipotupwa taka. Jani lake ni kama kiganja kilichokunjuliwa vidole, na mbegu zina madoa mazuri mfano wa shanga. Mafuta yake ni yale waliyoyatumia bibi zetu. Lakini mbegu ikitafunwa ni sumu inayoweza kuua. Mtoto aliyeitafuna apelekwe hospitali papo hapo.

Mkilifi, ambao wengine huuita mwarobaini, hutambulika kwa majani yenye meno ya msumeno. Kivuli chake chatosha kuwa sababu ya kuketi.

Mrehani watoto huujua kwa harufu, kwa vile huandamana na asumini katika vikuba. Rihani imetajwa katika Sura ya Ar-Rahman. Tango, adesi na kitunguu katika Al-Baqara, pale Bani Israili walipomtaka Nabii Musa, amani iwe juu yake, awaombee mazao ya ardhi. Anayesoma madrasa aonyeshwe mimea hiyo kwa macho.

Asiye na kiwanja atumie kopo, lisiwe la rangi, lenye tundu chini na udongo safi. Mbegu za mchicha ni ndogo kama nukta. Zinyunyizwe juujuu, na baada ya wiki tatu au nne majani ya kwanza huchumwa.