Babu Hayumo Kwenye Sensa

Mwaka 2022 Waingereza walifunguliwa fomu za sensa yao ya 1921, na Wamarekani wakafunguliwa za 1950. Uingereza hungoja miaka 100, Marekani 72. Muda ukiisha, mjukuu anasoma jina la babu yake, umri, kazi, na watu waliokuwa wakiishi naye. Mwaka huohuo, Agosti 23, Tanzania nayo ilihesabu watu wake, wakafika 61,741,120. Mtu wa Bugomora, huko Kyerwa karibu na Mto Kagera, anayetumaini kumkuta babu wa babu yake kwenye makaratasi ya namna hiyo ni afadhali aambiwe mapema kwamba hayumo.

Hesabu za zamani hazikumtafuta yeye. Wajerumani walihesabu, Waingereza wakahesabu 1921 na 1931, lakini kazi ilipitia kwa maofisa wa wilaya na watawala wa jadi, na kilichotakiwa kilikuwa idadi ya wanaume, wanawake na watoto wa Karagwe, ambamo Kyerwa ilikuwamo. Sensa ya kwanza ya kitaalamu ilifanyika 1948. Zile za baada ya uhuru, kuanzia 1967, zinalindwa na sheria ya takwimu: taarifa za mtu mmojammoja ni siri. Kwa walio hai, siri hiyo naiunga mkono kwa moyo wote, hasa katika wilaya ya mpakani ambako watu huulizwa asili ya wazazi wao kabla ya kupata kitambulisho cha NIDA. Kwa waliokufa zamani, nadhani Bunge lingefaa kulijadili jambo hilo.

Karatasi zinazotaja majina ziko kwingine. Daftari la kodi ya kichwa lilimtaka mwanaume mmojammoja, kwa kuwa serikali ya kikoloni ilitaka kujua nani kalipa na nani bado. Mke wake halikumhitaji. Ndiyo maana rejista ya ubatizo ina thamani kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Wamisionari wa Afrika, tuliozoea kuwaita White Fathers, walianza Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892, na Walutheri wakaja baadaye. Kila parokia na usharika ukawa na vitabu vyake. Mstari mmoja wa rejista ya Kikatoliki una jina la ubatizo, jina la nyumbani, baba, mama, msimamizi na tarehe. Ukingoni mara nyingi padri ameongeza kwa wino mwingine ndoa ilikofungwa, hata kama ni miaka 20 baadaye. Kwa maandishi hayo ya ukingoni unaweza kujua bibi yako aliolewa akaenda wapi, jambo ambalo daftari la kodi lisingekuambia kamwe.

Ugumu uko kwenye majina. Wanyambo, wenyeji wa Karagwe na Kyerwa, hawakuwa na jina moja la familia la kurithishana. Kila mtoto alipewa la kwake. Ndugu watatu wa tumbo moja wanaweza kuandikwa kama watu wasiojuana, kisha mmoja akawa Petro, mwingine Yohana, na njia ikapotea. Hapo usiulize jina tu. Uliza ukoo na mwiko wake, kwa maana hivyo viwili havikubadilishwa na padri wala karani. Na usidhani mpaka wa leo ulimzuia babu. Mstari huo waliuchora Wazungu. Watu walivuka mto kuoa, kuchunga na kutafuta ardhi, na huenda rejista unayoitafuta iko upande wa Uganda.

Makaburi nayo yana mipaka yake. Kwetu mtu alizikwa kwenye kibanja chake, katikati ya migomba. Wa zamani walivikwa nguo ya magome ya miti wakalazwa bila jiwe wala maandishi, na tuta lilipodidimia, waliobaki wakijua mahali ni wale waliolima hapo. Saruji ilikuja baadaye, na kwa wengi ililipiwa na kahawa. Yatazame makaburi hayo ya saruji kwa karibu: jina limechorwa kwa msumari saruji ikiwa mbichi, herufi za mwanzo kubwa, za mwisho zimebanana kwa kukosa nafasi, na chini yake "KUZ. 1900". Mwaka wa kufa uamini, kwa kuwa waliouandika walikuwepo msibani. Wa kuzaliwa ukiishia na sifuri au tano, uhesabu kuwa makisio.

Makarani wa sensa wana dawa ya makisio hayo, nayo ni kalenda ya matukio. Itumie kinyumenyume. Muulize mzee: Wajerumani walipoondoka Bukoba mwaka 1916, baba yake alikuwa anachunga mbuzi au ameshaoa? Utawala wa machifu ulipofutwa 1963, alikuwa hai? Majeshi ya Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa 1978, kaburi lilikuwa limeshachimbwa? Majibu matatu ya namna hiyo yana nguvu kuliko tarehe moja ya saruji.

Jambo moja la kuogopa ni ukoo unaopendeza mno. Mwaka 1861 msafiri Mwingereza John Hanning Speke alifika kwa Mukama Rumanyika wa Karagwe, akamchorea nasaba inayokwenda Uhabeshi hadi kwa Mfalme Daudi. Haikuwa na ushahidi wowote, na nadharia iliyobeba maneno kama hayo ilikuja kuwadhuru watu wengi katika Maziwa Makuu. Mkulima asiyejulikana aliyethibitishwa na mashahidi wawili ni bora kuliko mfalme wa kubuni.

Kinachoniuma ni kasi ya kupotea. Vibanja vinagawanywa na kuuzwa, na hata familia zenye upendo hubandika vigae juu ya saruji ya zamani bila kunakili kilichoandikwa chini. Pigeni picha kwanza. Kwenye kaburi jipya andikeni ukoo, jina la baba, ukoo wa mama na mahali walikotoka, na penye makisio wekeni neno "takriban". Parokia na sharika zipige picha rejista zao kabla mchwa hawajazimaliza. Na mwenye mzee nyumbani amuulize wiki hii, aandike majibu kwenye daftari, pamoja na tarehe na jina la aliyeuliza.